Laini Isiyokuwapo Madaba

Evaline alikwenda Madaba kutafuta picha za kupendezesha mkutano. Makao makuu ya kampuni ya umeme yalikuwa yamemtuma Songea kuandaa mkakati wa ramani za kompyuta kwa kampuni nzima, kwa sababu mpaka wakati huo kila idara ilikuwa na ramani yake. Wajenzi walikuwa na yao, watu wa huduma kwa wateja na yao, na chumba cha kuongozea umeme, kule laini zinakowashwa na kuzimwa, nacho kilikuwa na yake. Kesho yake angesimama mbele ya meneja, Bwana Henry, na wakuu wa idara, aeleze namna ya kuzifanya ziwe moja: kompyuta gani zinunuliwe, nani afundishwe, miaka ijayo iweje. Slaidi zilikuwa tayari.

Aliyemwendesha ni Makarius, fundi wa laini, mtu wa Mfaranyaki, pale pale Songea. Njia nzima alimwuliza kama huo mkakati utamletea gari lisilovuja mvua.

"Hilo halimo," Evaline alisema akicheka.

"Basi haujakamilika, dada."

Waliiacha barabara ya Njombe wakashika njia ya udongo katikati ya mahindi. Mara Makarius akakanyaga breki, kishikwambi kikamponyoka Evaline.

"Yesu na Maria," Makarius alisema.

Mbele yao palikuwa na kigango kipya, kanisa dogo la matofali ya kuchoma. Kenchi zilikuwa zimeshapandishwa na wanaume kadhaa walikuwa juu wakiezeka. Juu ya vichwa vyao, mahali ambapo mtu mwenye fimbo angeweza kufikia, zilipita nyaya za msongo mkubwa. Chini, akina mama walikuwa wakiwainulia bati refu.

Makarius aliruka nje akakimbia. "Shukeni! Nyaya hizo zina umeme! Shukeni jamani!"

Hakuna aliyeshuka. Mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge cha Bikira Maria alimkingia njia. Alikuwa Mama Lidwina, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

"Mmekuja kutubomolea," alisema. "Wala hamna hata salamu! Tuliuliza ofisini kwenu kabla ya kuchimba msingi. Mtu wenu akaangalia kwenye kompyuta, akatuambia hapa hapapiti kitu, nasi tukajua nyaya hizi hazina umeme."

"Mama, hatubomoi! Watakufa hawa!"

"Thadeo!" Mama Lidwina aliita juu. "Usishuke, mwanangu. Ezeka!"

Evaline alikuwa ameshapiga simu kwa Daimu, aliyekuwa zamu katika chumba cha kuongozea umeme.

"Daimu, zima laini inayopita kwenye kigango kipya huku Madaba. Sasa hivi. Kuna watu juu ya paa."

"Laini ipi, dada?"

Evaline alimsomea namba iliyopigwa kwenye nguzo. Daimu akaitafuta kwenye ramani yake.

"Hiyo nguzo kwangu iko ng'ambo ya barabara kuu. Hapo ulipo, mimi naona shamba tupu."

"Naiona kwa macho yangu!"

"Sikatai. Ila sijui inapata umeme kutoka wapi. Nikizima ambayo siyo..."

Evaline alitazama juu. Bati lilikuwa limeshamfikia Thadeo.

"Zima zote. Madaba nzima."

"Dada, kuna zahanati, kuna mashine..."

"Zima, Daimu! Nitajibu mimi."

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mashine ya kusaga iliyokuwa ikinguruma tangu wafike. Ngurumo ikashuka, ikashuka, ikafa. Pakawa kimya. Kisha upepo ukaja ukalikamata bati mikononi mwa Thadeo, ukalisimamisha wima, na ncha yake ikaegemea waya.

Hakuna kilichotokea.

Thadeo alibaki amelishika, akitazama pale lilipogusa. Akamtazama Makarius chini. Akaelewa. Aliliachia likaanguka kwa kishindo, akateremka ngazi taratibu, na alipokanyaga ardhi akakaa pale pale. Akina mama hawakupiga vigelegele wala mayowe. Mmoja alianza Salamu Maria kwa sauti ndogo, akashindwa kuimaliza.

Mama Lidwina naye alikuwa ameketi juu ya mchanga wa ujenzi. Evaline akamsogelea, na neno la kwanza lililomtoka, bila kujua kwa nini, lilikuwa, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama Lidwina alijibu. Akaushika mkono wa Evaline kwa mikono yake yote miwili.

Jioni ile mambo yalijulikana ofisini. Barabara ilipopanuliwa, laini ilihamishwa. Wajenzi waliichora njia mpya kwenye ramani yao, wakaona wamemaliza. Chumba cha kuongozea umeme hakikuambiwa. Mhudumu aliyewajibu watu wa kigango naye hakuambiwa.

Katika mkutano Evaline hakufungua slaidi hata moja. Alisimulia tu. Alipofika kwenye bati, Bwana Henry aliweka kalamu chini.

"Walikuja kutuuliza," alisema. "Walikuja, wakauliza, na sisi tukawajibu."



Mkakati uliandikwa upya. Kabla ya kununua kompyuta yoyote, kampuni ingekuwa na ramani moja, na laini isingewashwa mpaka ichorwe humo na chumba cha kuongozea umeme kithibitishe kuiona. Makao makuu walilalamika kwamba mpango umekuwa mdogo mno. Bwana Henry alisafiri mwenyewe kwenda kuutetea, ukapita.

Siku mafundi walipokwenda kuhamisha nguzo mbali na kigango, Daimu aliomba kupanda nao gari. Alikuwa ameongoza umeme wa Madaba kwa miaka bila kufika. Alisimama chini ya nyaya, akiwa ameinua uso, muda mrefu.

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo," alimwambia Evaline. "Nilitaka kukwambia subiri, nimpigie meneja kwanza."

Makarius alimshika Daimu bega, wakabaki hivyo mpaka mafundi walipowaomba wasogee.