Rangi ya Kagure

Gladwell alikuwa akichuja maziwa ya jioni alipowaona salamanda kwenye pipa la maji ya mvua: viumbe wadogo mfano wa mjusi, weusi mgongoni, tumbo rangi ya machungwa. Pale kijijini Tetu hawakuwahi kuonekana. Alichota maji pembeni yao, akaendelea na kazi.

Kunguru akamdonoa mmoja. Salamanda hakukimbia. Alipinda mgongo, akainua kidevu na mkia, akaonyesha rangi yote aliyokuwa nayo. Kunguru akamtema, akapangusa mdomo kwenye nyasi, akaenda zake. Kunguru ana akili zake.

Jumapili hiyo Kagure, mjane wa kifungua mimba wa Gladwell, aliamka na rangi ile ile ya machungwa kutoka shingoni hadi viganjani. Kanisani walimsogezea nafasi kwenye benchi. Mama mmoja aliuliza kama ni karoti. Gladwell alimfumia sweta ya shingo ndefu, watu wasiseme, lakini sababu hakuiuliza. Aliijua. Tangu matanga, mwanawe wa pili, Mathenge, alikuwa akipita kwa shemeji yake kila maziwa yakishapelekwa barabarani, naye Gladwell alikuwa akiongeza sauti ya redio.

"Mami, leo si ukuje tukae na wewe mpaka Mathenge apite?" Kagure alimwomba.

"Niko na githeri kwa moto."

Moto haukuwa umewashwa. Wote wawili walilitazama jiko.

Jioni hiyo Mathenge alirudi na mkono uliovimba, midomo imekufa ganzi. Alisema Kagure alimpokea mlangoni bila sweta, mgongo ameupinda, kidevu juu, na mbwa alikuwa ameshakimbilia chini ya ghala. Gladwell alimkanda kwa maji ya chumvi. Moyoni alimshukuru Mungu kwa sumu ile, kisha akaona haya, maana sumu ilikuwa imefanya kazi ya mama.

Uvimbe ulipoisha, Mathenge alikuja akasimama jikoni.

"Mami, zile glavu ya dawa ya ng'ombe iko wapi?"

Angeweza kusema zimetoboka. Angeweza kusema amemwazima jirani. Aibu ilimpanda Gladwell mpaka masikioni, ila haikuwa na rangi yoyote ya kumtisha mtu.

"Nyuma ya mlango," akasema, akanyoosha mkono kwenye redio.