Gari la Saa Tano

Wazo la kufanyia harusi nje lilikuwa la Honorata mwenyewe. Kamati ilipokutana mara ya kwanza, sebuleni kwa shemeji yake Thadei pale Mfaranyaki, watu walikuwa wanavutana juu ya ukumbi. Huyu anautaja huu, yule anautaja ule, na kila ikisemwa bei wote wananyamaza kidogo, kama wamesikia habari ya msiba. Honorata alikuwa amekaa karibu na mlango, kama mgeni, ingawa binti anayeolewa alikuwa wake. Akainua mkono.

"Agosti hakuna mvua," alisema. "Nyuma ya kanisa kuna uwanja mzima. Tuombe uwanja."

Thadei alicheka. "Shemeji, harusi ya watu zaidi ya mia tatu kwenye vumbi?"

"Vumbi linamwagiwa maji."

Tangu hapo mambo yakaanza kwenda. Siku ile ile Honorata alikubali na jambo jingine lililomuuma zaidi: aliachia sendofu, ile sherehe ambayo upande wa binti humuaga mtoto wao kabla ya harusi. Alikuwa mjane, mkulima wa mahindi, na Dorine ndiye binti yake pekee. Sherehe hiyo ndiyo ingekuwa yake, nyumbani kwake Mpitimbi, na watu wake. Aliiacha ili pande mbili ziunganishe nguvu, iwe siku moja. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba watu wa Mpitimbi waje, wote wanaotaka, bila kadi. Ndiyo maana alitaka nje. Ukumbi una mlango, na mlangoni anasimamishwa mtu wa kuuliza kadi.

"Hilo halina mjadala," alisema Thadei.

Dorine aliinuka kando ya Remmy, mchumba wake, akaja kumshika mama yake mkono mbele ya watu wote. "Mama, bila wao mimi ningesoma?"

Alisema kweli. Mwaka aliokufa baba yake, Dorine akiwa kidato cha pili, wanajumuiya wa Mtakatifu Monika pale Mpitimbi walilima shamba lote la Honorata kwa siku nne, wakapanda, wakarudi kupalilia. Mahindi yale ndiyo yaliyomrudisha Dorine shuleni.

Basi Honorata akapita nyumba kwa nyumba. Hakuomba pesa, maana hazikuwapo. Alisema, "Nipe ulicho nacho, halafu uje ule nami." Wakatoa mahindi, maharage, kunde, kuku waliofungwa miguu, na kuni za kutosha kupikia wiki nzima. Mzee Osmund, aliyekuwa na mbuzi mmoja tu, alimtoa huyo huyo, akasema atakuja na ngoma yake pia, wacheze lizombe mpaka watu wa mjini wajue Wangoni bado wapo. Walburga, rafiki yake tangu wakiwa wanakwaya wasichana, aliahidi togwa. Kila nyumba Honorata alipoondoka aliwaambia: gari litakuja kuwachukua Jumamosi saa moja asubuhi, misa ni saa nne.

*

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, Honorata alikuwa uwanjani Mfaranyaki akiwaonyesha vijana pa kushushia kuni. Aliyezileta alikuwa Chande, dereva wa Fuso la kukodi, mtu wa Tunduru, mpole, mwenye maneno mengi. Walipomaliza akajifuta jasho, akasema:

"Haya mama, tumalize na la kesho. Kule kwenu ni saa tano, siyo?"

"Saa moja, baba. Misa ni saa nne."

"Aisee, mimi nimeambiwa saa tano. Bibi harusi mwenyewe kanipigia juzi. Nikamwambia dada, saa tano si watakuta misa imekwisha? Akasema wewe nenda saa tano, wakikuuliza sema gari lilisumbua."

Alikuwa bado anatabasamu alipouona uso wa Honorata. Tabasamu likamwishia.

"Au labda nimechanganya, mama."

"Hukuchanganya. Basi mimi nakuagiza saa moja."

Chande alikuna kichwa. "Mama, Wallahi ningekuja. Lakini asubuhi wamenipangia kubeba viti na maturubai, na gari liko mikononi mwa kamati. Labda wao waniachie. Wakinipigia hata usiku, alfajiri niko Mpitimbi."

*

Chumba alichopanga Dorine hakikuwa mbali. Honorata alimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya kioo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Nyuma yake alikuwa Stumai, rafiki yake, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Shikamoo mama! Njoo umwone mwali wako. Kesho hata padre atasahau maneno!"

"Marahaba, mwanangu." Honorata hakukaa. "Dorine, gari la Mpitimbi linakwenda saa ngapi?"

Dorine hakuweza kugeuka, nywele zake zilikuwa mkononi mwa Stumai. Alimtazama mama yake kwenye kioo, na Honorata akaona kwamba mtoto ameshaelewa yote.

"Mama, sikiliza kwanza."

"Nasikiliza."

"Viti ni mia tatu na hamsini. Kuna watu wa ofisini kwa Remmy, kuna wakubwa zake, kuna ukoo wao wote kutoka Mbinga. Wa kwetu ni sitini na kitu. Wakifika asubuhi watakaa mbele, unawajua. Mzee Osmund ataingiza ngoma mpaka altareni. Wakifika mchana watakuta wenye kadi wameshakaa, wao watahudumiwa kule upande wa jikoni. Chakula hawatakosa, Mama. Hakuna aliyesema wasile."

"Chakula ni chao."

"Najua."

"Kuni ni zao. Hata mbuzi."

"Mama, najua! Bajeti ndogo, watu wengi, tungefanyaje? Tukodi viti vingine kwa pesa gani?"

Stumai aliacha kusuka. "Jamani, mimi nitoke nje kidogo?"

"Kaa," alisema Dorine. "Utaniacha hivi?"

Honorata aliuliza, "Thadei anajua?"

"Baba mdogo ndiye aliyetoa wazo. Mimi nilipiga simu tu."

"Na mimi? Mimi nilikuwa niambiwe nini?"

"Kwamba gari limesumbua. Sikutaka uumie bure."

Honorata aliwaza jambo lile jinsi ambavyo lingekuwa. Angekaa benchi la mbele na kilemba chake kipya, akigeuka kila dakika kuangalia mlango wa kanisa. Angemwomba Mungu alilinde gari njiani. Na mtoto wake, aliyevaa nyeupe hatua tatu mbele yake, angekuwa anajua.

"Ungeniangalia nikigeuka geuka," alisema taratibu, "na ungenyamaza."

Dorine aliinamisha macho.

"Basi sikia. Mimi narudi Mpitimbi sasa hivi. Kesho nitakuja na gari hilo hilo, pamoja nao. Saa utakayoliagiza ndiyo saa nitakayokuja. Ukitaka saa moja, mpigie Chande, anasubiri."

"Mama, huwezi! Benchi la mbele nani atakaa? Watu watauliza!"

"Waambie gari limesumbua."

Alitoka. Kabla ya kutafuta bodaboda aliingia kanisani, ambako akina dada walikuwa wanafunga maua kwenye mabenchi, akapiga magoti nyuma kabisa. Hakuomba habari ya gari. Maneno yalikuwa yamemjaa kifuani, maneno ambayo mama akimtamkia mtoto siku ya kuolewa kwake hayarudishwi, na alimwomba Mungu amfunge mdomo mpaka yapoe. Alikaa hivyo hadi magoti yakafa ganzi. Hayakupoa, lakini hayakutoka.

*

"Mbona umerudi?" Walburga alimwuliza jioni ile, mikono imejaa unga wa ulezi. "Mama wa bibi harusi analala kwake kama mwenye kuachwa?"

"Nimekuja kuwafuata. Nitapanda nanyi."

"Ona sasa! Wenzako wangekuwa saluni!"

Honorata alicheka naye, kisha akaenda nyumbani kwake. Simu yake aliiweka juu ya kitanda, sauti yote. Alijiambia kuwa Dorine ni mtoto mwema, kuwa ni Thadei aliyempotosha, kuwa alfajiri atasikia ngurumo ya Fuso. Hakuona sababu ya kuwaambia watu jambo litakalokuwa limekwisha kufikia asubuhi.

Saa kumi na mbili asubuhi watu walikuwa barabarani tayari. Wanawake walivaa vitenge vyao vya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, vilivyopigwa pasi hadi vikanyooka kama daftari jipya. Mzee Osmund alivaa koti lake zito la sufu, ngoma miguuni. Saa moja ikapita. Kila pikipiki iliyonguruma mbali Honorata alisimama, kisha akakaa tena. Saa mbili. Jua likaanza kuwa kali, na watoto wakaanza kuulizia togwa.

Ilipofika saa tatu Walburga alimshika bega. "Dada, panda bodaboda uende. Huwezi kukosa misa ya mwanao. Sisi hata tukiwahi keki, inatosha."

"Nimesema nitakwenda nanyi."

"Mnamsikia?" Walburga aliwageukia wenzake. "Mnamsikia mama huyu? Harusi ya mwanawe, na hatuachi!"

Wakampigia vigelegele. Honorata aliangalia chini, kwenye vidole vya miguu yake, kucha alizopakwa rangi Alhamisi mjini.

Saa nne ikafika. Alijua wakati ule Dorine anaingia kanisani, mkono wake kwenye mkono wa Thadei. Simu ilikuwa mkononi, na haikuwa imeita tangu jana.

Fuso lilifika saa tano na dakika chache.

Chande alishuka bila kumwangalia Honorata. "Poleni sana, wazee wangu. Gari... gari lilisumbua."

"Pole na wewe, baba," walimjibu. Wakamgeukia Honorata, wakamzunguka, wakampangusa uso kwa ncha za khanga zao. Pole mama. Shetani wa njiani. Mungu anajua kwa nini. Mtoto atakusamehe, ataelewa, gari ni chuma. Bibi mmoja alikuwa analia kwa niaba yake. Walipanda wakiwa bado wanampa pole, wakinyoosha mikono kumvuta awe wa kwanza, na hapo ndipo alipoona hawezi kuibeba pole ile hata hatua moja zaidi.

"Halikusumbua," alisema.

Mikono iliyokuwa ikimvuta ikarudi.

"Liliagizwa saa tano makusudi, ili msifike kanisani, na mkifika uwanjani mkae nyuma, jikoni. Kijana huyu msimlaumu. Ni shemeji yangu na Dorine."

Mzee Osmund alikuwa wa kwanza kusema. "Ni kwa sababu ya ngoma?"

"Ngoma, na mengine."

"Ningeiacha nyumbani," alisema mzee. "Angeniambia tu."

Walburga alikuwa ameshapanda. Alishuka, chungu chake cha togwa mikononi, akaja kusimama mbele ya Honorata, karibu sana.

"Wewe umejua lini?"

"Jana mchana."

"Jana mchana. Ukaja nyumbani kwangu jioni, ukacheka. Asubuhi ukatuona tunavaa."

"Nilidhani atalituma mapema. Nilidhani kwa kuwa mimi niko huku, hataweza..."

"Kwa hiyo sisi tulikuwa chambo." Sauti ya Walburga ilikuwa ya chini. "Mwanao ametuficha ili wageni wake wasituone. Wewe umetuanika juani umvute mwanao. Na vigelegele nimekupigia mimi mwenyewe."

Honorata alifungua mdomo. Usiku kucha na asubuhi yote alikuwa amehesabu nani kamtendea nini, na katika hesabu yote ile yeye mwenyewe hakuwamo.

"Nisamehe, dada."

"Siku nyingine," alisema Walburga. Akajitwika chungu, akashika njia ya nyumbani. Mgongo wa kitenge chake ulikuwa umelowa jasho.

Wengi wakamfuata, mmoja mmoja, bila matusi, kama watu watokao mazishini. Wachache walimgusa Honorata mkono walipopita, wengine hawakumgusa. Mzee Osmund aliiteremsha ngoma, akamkabidhi mkwewe airudishe ndani, kisha akapanda garini tena, polepole, koti lote.

"Mbuzi wangu yuko kwenye sufuria kule," alisema. "Nakwenda kumuaga."

Watu kumi hivi walibaki naye.

"Mama, kaa mbele nami," alisema Chande.

"Hapana, baba. Nitakaa nao, kama watanikubali."

Bibi aliyekuwa analia alisogea, akamwachia nafasi kwenye mbao. Gari likaondoka, vumbi likafunga nyuma yao. Walipokuwa karibu nusu ya njia simu iliita. Jina la Dorine lilikuwa kwenye kioo, na nyuma ya mlio ule Honorata aliweza kuuona uwanja wote: maturubai, viti, watu wamekwisha kukaa, mshereheshaji anamwita mama mzazi, na mama mzazi hayupo. Aliiacha iite mpaka ikakata. Ikaita tena, akaiacha tena.

Kisha akatoa rozari kifuani, akafanya ishara ya msalaba, na wenzake wakafanya. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo rozari husaliwa kwa Matendo ya Furaha. Honorata alianza na yale ya Uchungu, na hakuna aliyemsahihisha.