Kikao cha Miaka Saba

Msiniulize kama ndoto husema kweli. Mimi nasimulia niliyoyaona tu, na siku ile nilikuwa nimekula maharage ya bwenini, kwa hiyo kila mtu aamue mwenyewe. Nilikuwa mwaka wa pili wa stashahada ya usimamizi wa biashara, mwaka ambao nilikuwa naurudia, katika chuo kimoja kule Tukuyu. Mtihani wetu wa vitendo ulikuwa kesho yake: kila kikundi kifungue kibanda cha chai na chapati uwanjani, kianze kuuza saa mbili asubuhi, na Madamu Sekela apite akitoa alama. Nikifeli mara hii, narudi nyumbani moja kwa moja, na shangazi yangu alikwisha kulitangazia kanisa zima kwamba mimi tayari ni meneja. Kikundi chetu kilikuwa na watu watano. Wiki tatu nzima tulikuwa tukivutana juu ya vyeo, na asubuhi ile mimi na Lusajo tuligombania Ukurugenzi hadi sauti zikakauka. Nikashinda kwa kura tatu kwa mbili. Baada ya chakula nikaenda maktaba kuandaa hotuba ya ufunguzi, mvua ikaanza kupiga bati, nikaegemea kitabu kinene cha uongozi, na usingizi ukanichukua mchana kweupe.

Nikajiona nimesimama mbele ya lango la mji nisioujua. Mlinzi wake alikuwa pande la mtu, kifua kizima kimejaa beji, na aliitwa Cheo. Nikamwambia naitwa Ambokile. "Jina mpelekee mama yako," akasema. "Hapa watu wanaingia kwa wadhifa." Nilipotaja Ukurugenzi akanipigia saluti, akanivisha beji kubwa kama sinia, kisha akaniongezea nyingine kwa sababu tu nilitabasamu. Shingo ikainama kwa uzito. Ubavuni mwangu akatokea mwanamke mpole aliyejifunga kitenge, akanishika mkono. Nikamwuliza yeye ni nani. "Mimi ni Aibu," akasema. "Watu hunikimbia, lakini anayekubali kutembea nami hafiki pabaya. Twende taratibu, na usinitangulie."

Tukashika barabara pana ambayo kila mlango wake uliandikwa Ofisi. Sikumwona mtu anayefagia, wala anayeteka maji, wala anayepasua kuni. Uvivu, ndani ya suti na tai nyekundu, alikuwa akisaini karatasi tupu. Mkewe, Bi Ahirisha, aliandika ubaoni tarehe ya kukutana ili kupanga tarehe ya kukutana. Majivuno alijipigia simu mwenyewe, akajiambia asubiri. Nikaangua kicheko; Aibu akanitazama, nikaacha. Mwishowe tukaingia ukumbini, ambamo kikao cha mgahawa wa mji kilikuwa katika mwaka wake wa saba. Wajumbe arobaini, wote wakurugenzi, walikuwa bado kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, na kila aliyesimama aliomba kwanza kuchukua fursa hii. Mlangoni aliketi jitu refu, kondefu, kijiko mkononi. Huyo alikuwa Njaa, mteja wao wa pekee, na alikuwa akingoja tangu siku ya kwanza.

"Mmepika nini?" Njaa akauliza.

"Mheshimiwa mteja," akajibu mwenyekiti wao, Bwana Maneno, "suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi."

Njaa akashukuru, akala muhtasari wa kikao. Akala katiba. Akala kiti cha mjumbe ambaye alikuwa bado anachangia hoja. Kisha akageuka akaniangalia mimi, hasa mashavu.

Nikamwambia Aibu tukimbie. Akanionyesha mlango mwembamba nyuma ya ukumbi. Humo jikoni, alisema, yumo dada yake, Kazi. Walimfungia siku walipogawana vyeo wakaona hakikubaki cha kwake. Nikajipenyeza, beji zikagonga miimo. Nikapita kwa ubavu, zikagonga tena.

"Zivue," Aibu akasema.

"Siwezi! Mimi ndiye Mkurugenzi. Nikionekana nasukuma chapati watanicheka."

Hapo ikanitoka siri yangu. Kwetu tumezaliwa wavulana sita, mimi kitinda mimba, na tangu darasa la nne chapati za nyumba nzima nilisukuma mimi, laini, za tabaka. Pale chuoni hakuna aliyejua, nami niliapa asijue mtu. Aibu akacheka mpaka machozi. "Ambokile, miaka yote hii unanikimbia jikoni, na mimi jikoni sijawahi kukanyaga! Kwangu ni kwenye kiti cha mkubwa ambaye wageni wake wana njaa. Ungepita huko ungenikuta kila siku." Maneno yale yaliniuma, hata usingizini yaliniuma. Njaa akanikamata ukosi. Nikazing'oa beji zote kwa pupa, nikaangukia ndani, na paji la uso likajigonga kwenye meza ya maktaba.

Lusajo ndiye aliyenishika shati. "Mkurugenzi, amka. Saa kumi hii, kuna kikao cha dharura." Nyuma yake alisimama Anyosisye, katibu wetu, na daftari lake. Nikaliomba. Mkurugenzi, Naibu Mkurugenzi, Katibu, Mkuu wa Masoko, Mkuu wa Huduma kwa Wateja. Nikasoma mara mbili.

"Nani anapika?"

Anyosisye akainama kulichungulia daftari.

"Hilo," Lusajo akasema, "tuliliweka kwenye mengineyo."

Nikachukua kalamu nikakata jina langu pale juu. "Ukurugenzi chukua wewe, ndugu yangu. Mimi nasukuma chapati, najua tangu utotoni." Lusajo, aliyekililia cheo hicho wiki tatu, alikitazama bila kukigusa. Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Kusukuma sijui. Ila kukanda najua sana. Usimwambie mtu."

Anyosisye akauliza kama aandike mpishi mkuu na mpishi msaidizi. Nikamwambia afunge daftari. Akalifunga, akalibana kwapani, akasimama akiwaza.

"Unga tuchukue kilo ngapi?"

Kwa wiki tatu hakuna aliyekuwa ameuliza swali kama hilo, na nusura nilie.