Udongo na Jiwe la Mnara wa Njiwa

Nilimfulia nguo Bwana Lumsden miaka thelathini, na mnara wake wa njiwa naujua tundu kwa tundu. Kuta zake zina unene wa futi tatu. Nje umezungushiwa ukanda wa jiwe uliotokeza, panya asipande. Ndani kuna vishimo mia sita vya kutagia, vimepangwa kama sega la nyuki, na katikati umesimama mhimili wenye ngazi. Ukiisukuma kwa mguu inazunguka, unavifikia vyote.

Bwana akayataka mawe yale ajengee banda la farasi. Lakini hapa Fife, Uskoti, kila mtu anajua: mnara wa njiwa ukibomolewa, mke wa mwenye mnara hamalizi mwaka. Basi akamwita mwanangu Dauvit, mwashi, akamtia viganjani udongo na jiwe la pale, mbele ya mashahidi wawili. Kwetu mali ya ardhi hupokelewa hivyo.

"Mnara ni wako sasa," akamwambia. "Ubomoe, unijengee banda. Mawe yatakayobaki, jijengee nyumba."

Dauvit akarudi anapiga mluzi. Mkewe Grizel, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa anakoroga uji.

"Mama, mwanao ana mnara!"

"Na mke wa mwenye mnara ni nani, bwege wewe?" nikamuuliza.

Mluzi ukakatika. Grizel akacheka. "Mama naye! Mimi nife kwa ajili ya njiwa, na wala hatuonjeshwi hata supu yao?" Lakini uji aliacha kuukoroga.

Kulipokucha Dauvit akaenda kuweka udongo na jiwe juu ya meza ya Bwana.

"Wewe unampenda mkeo, bwana. Na mimi nampenda wangu."

"Kampende nje ya ardhi yangu. Leo hii."

Ilikuwa Februari, mvua imechanganyika na theluji. Tukashika njia ya kwa dada yangu, maili kumi na moja. Maili ya saba Grizel akaketi kando ya ukuta wa shamba. "Mama," akasema, "chupa imepasuka."

Hapakuwa na hata kibanda. Nilimzalisha chini ya koti la Dauvit. Mtoto akalia, wa kike. Damu ya mama haikukata.

"Bora tungebomoa," Dauvit akasema, akimfunika uso. "Angepata hata huo mwaka."

Nilimfunga mtoto kifuani, ndani ya shali, nikamwambia ambebe mkewe, maana maili nne zilikuwa zimebaki.