Mwendo wa Garnet

"Sasa hawa," Delbert Penner aliiambia maikrofoni, "ni dada watatu kutoka Halifax. Kinanda chao kinalia kama jokofu la mama mkwe, lakini kibao cha pili, jamani, kimenifanya nisahau chai ikapoa. Nunueni. Wale vijana wa Montreal ambao santuri yao niliipiga mwanzoni wana magita manne na wazo moja. Hao kawaazimeni kwa jirani."

Nje ya dirisha la studio theluji ilikuwa inaanguka tena. Kwa Delbert theluji ni kazi. Alikuwa dereva wa greda la manispaa, mtu wa kukwangua barabara za Winnipeg pole pole huku magari yakimpigia honi nyuma, na hakuna aliyejua jina lake huko barabarani. Ila Ijumaa mchana alikuwa na jina. Kipindi chake cha santuri mpya katika redio ya jamii hakikumlipa hata senti, na asingekibadilisha kwa mshahara wa meya.

Kilipendwa kwa sababu ya mwiko mmoja. Delbert hakusikiliza santuri yoyote kabla ya kuwa hewani, wala hakusoma jalada lake. "Ukisoma kwanza," alizoea kusema, "utasikia kwa macho." Akishangaa, alishangaa pamoja na wasikilizaji. Akichukia, walimsikia akichukia papo hapo, na wengi waliifungua redio kwa ajili hiyo tu.

Chini ya meza palikuwa na mfuko wa duka la mboga ambao alikuwa akiukwepa kwa macho tangu aingie. Ndani yake mlikuwa na santuri ya mwisho ya bendi ya Breki Mbovu. Garnet Sawatzky, mwimbaji wao, walimzika mwezi Novemba. Mapafu. Kiangazi chote alikuwa akirekodi katika chumba cha chini ya nyumba yake, tayari mgonjwa, na alipofariki wenzake wakamalizia yaliyobaki. Mfuko aliuleta Darcie, mjane wa Garnet.

"Ipige wewe kwanza, shemeji," alimwambia. "Mimi na mama Agatha tutakuwa jikoni, redio imewashwa. Mama hajaisikia bado. Anasema anataka kumsikia mwanawe pamoja na wewe, maana wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukimwambia Garnet ukweli usoni."

Basi hilo ndilo lililomkosesha Delbert usingizi: neno moja la kweli kuhusu Garnet, mbele ya mama yake. Hapakuwa na nafasi ya pili.

Ukweli wenyewe ulikuwa wa zamani. Delbert ndiye aliyekuwa mpiga dramu wa kwanza wa Breki Mbovu. Walikuwa vijana wa ndevu za kuhesabika, na Garnet alikuwa akihesabu hadi nne kana kwamba nyumba inaungua, wimbo ukatoka mbio, Delbert akabaki akiufukuzia kama mtu aliyeachwa na basi. "Haraka haraka haina baraka!" Delbert alikuwa akifoka. "Ngoja ngoja huumiza matumbo!" Garnet alikuwa akimjibu. Siku moja Delbert akamkuta kijana mwingine ameketi kwenye kiti chake. Delbert akapakia dramu zake akaenda nazo nyumbani. Urafiki haukufa, lakini kila Breki Mbovu walipotoa santuri, Delbert alisema hewani neno lile lile: tamu, ila ni nani anawafukuza?

Akaitoa santuri kwenye jalada huku amefumba jicho moja, asije akasoma hata karatasi ya katikati. Akaiweka. Akaishusha sindano.

Kwanza ukasikika mguno. Mguno mrefu, mzito, kama wa mgonjwa anayegeuzwa kitandani, na ndani yake manung'uniko yasiyoshikika. Kisha dramu, pigo moja, halafu nafasi ndefu, halafu pigo jingine. Na sauti ya Garnet, ile sauti nyembamba iliyokuwa ikipasua masikio ya walevi, ilikuwa imeshuka hadi chini ya kisima.

Nywele zilimsimama Delbert. "Mungu wangu," alisema, na maikrofoni ikalichukua.

Wimbo ulijikokota. Katikati yake Delbert aligundua kwamba vidole vyake vinapiga mezani, na vinapiga sawasawa. Alikuwa sambamba na Garnet Sawatzky kwa mara ya kwanza maishani. Ilikuwa tamu, na utamu ule ulimtia aibu, maana rafiki yake alilazimika kufa ndipo amsubiri.

"Mmemsikia?" alisema wimbo ulipokwisha, na sauti yake haikukaa vizuri. "Mmeusikia ule mguno mwanzoni? Hayo ni maumivu. Hawakuyakata, wameyaacha pale ili tujue. Miaka yote nilimwambia apunguze mwendo, naye ananicheka. Garnet, ndugu yangu, umepunguza. Mama Agatha, kama unanisikia, hii ndiyo santuri bora kuliko zote alizowahi kutoa mwanao." Hapo akashindwa. Alilia hewani, mwanamume mzima na koti lake la manispaa.

Taa ya simu iliwaka. Akaiacha iwake, akidhani ni wafiwa wenzake, akauachia wimbo wa pili, mzito kuliko wa kwanza. Taa haikuzimika. Mwisho akapandisha sindano, akafuta pua, akaufungua mstari kama alivyozoea kuwafungulia wasikilizaji.

"Uko hewani."

"Shemeji." Alikuwa Darcie, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Hiyo santuri unaipiga kwa spidi gani?"

"Spidi gani, kivipi? Ya kawaida. Mizunguko thelathini na tatu kwa dakika."

"Kawaida ya nani, Del? Hiyo ni ya arobaini na tano, unaiburuza! Waliitengeneza hivyo makusudi isikike safi. Imeandikwa kwenye jalada, herufi kubwa kama kichwa chako!"

Delbert alilitazama jalada. Ilikuwa imeandikwa kweli: 45. Akaishika meza kwa mikono miwili.

Nyuma ya Darcie kulisikika sauti ya kizee, kali: "Mwambie, huyo si mwanangu! Mwanangu hakuwahi kuchelewa mahali popote, isipokuwa kanisani!"

"Umemsikia mama," Darcie alisema. Sasa ilijulikana kwamba analia na kucheka kwa pamoja. "Toka umeanza ananiuliza, mwanangu mlimnywesha dawa gani?"

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Tamsin, msimamizi wa redio, theluji ingali nywelini. Alikuwa akiisikiliza garini. Akamwegemea Delbert na kumnong'oneza sikioni, "Sema mashine imeharibika. Sema hivyo tu. Nani atajua?"

Delbert aliitamani ile njia. Ilikuwa karibu na ilikuwa rahisi. Lakini jikoni kule palikuwa na mwanamke aliyekuwa akimngoja aseme kweli.

"Wapendwa," alisema, "mashine ni nzima. Mbovu ni mimi. Nimemlilia mtu ambaye hayupo kwenye santuri hii. Niliyoyasema yafuteni yote. Darcie, usikate simu."

Akageuza kitufe cha spidi. Akairudisha sindano mwanzo.

Mguno haukuwapo. Palipokuwa na mguno palikuwa na kicheko, kicheko cha Garnet cha puani, kile kile, kikifuatiwa na kikohozi, na baada ya kikohozi maneno yaliyosikika waziwazi: "Del angepiga hii, mkono ungemng'oka!" Wenzake wakaangua vicheko. Kisha moja-mbili-tatu-nne kama neno moja, na wimbo ukatoka mbio kuliko nyimbo zote walizowahi kufanya.

Tamsin alijiziba mdomo. Delbert alikuwa amejiandaa kuusikia uchungu wa rafiki yake. Hakujiandaa kuisikia furaha yake, na furaha ilimpiga vibaya zaidi. Mtu anakufa, pumzi anaitafuta kwa tochi, na bado anapata nafasi ya kumtania yeye. Na yule Garnet mwingine, yule mzito, mpole, aliyemngoja? Delbert alikuwa amempenda kwa nyimbo mbili nzima. Sasa naye alikuwa ameondoka, na Delbert alihisi amefiwa mara mbili katika mchana mmoja.

Wimbo uliisha ghafla, kama mlango uliobamizwa. Simu ilikuwa bado wazi. Mtu alimpokonya Darcie kipokeo, pumzi za kizee zikasikika karibu.

"Haya, Delbert," alisema mama Agatha. "Sasa ni yeye. Unasemaje?"

Mji mzima ulikuwa ukingoja. Delbert akaisogelea maikrofoni, akayaacha maneno yote mazuri aliyoyaandaa juma zima.

"Anakimbia mno, mama," alisema.

"Ndiyo," alijibu yule kizee, taratibu. "Ndiye huyo."

Hakuna aliyeipandisha sindano. Wimbo wa pili ulikuwa umekwisha kuanza wenyewe. Delbert akaweka vidole mezani, akaufuata, nyuma kidogo, kisha nyuma zaidi, huku maikrofoni ikiwa wazi na mji ukimsikia akiachwa.