Mifuko ya Wifi Veronika

Kwa miaka tisa, siku ya misa ya mavuno katika kigango chao nje kidogo ya Mafinga, aliyewatangulia akina mama wote alikuwa Severina. Nafasi hiyo aliachiwa na mama mkwe wake, na masharti yake kila mtu aliyajua: unabeba debe la mahindi kichwani, kutoka darajani hadi mlango wa kanisa juu kilimani, bila kulitua. Ukitua, anayekufuata anakupita, na nafasi inakuwa yake. Hakuna kugombana. Severina alikuwa na miaka hamsini na minane na hakuwahi kutua, ingawa mwaka uliopita, pale kwenye kona ya mikaratusi, magoti yalimtetemeka mpaka mahindi yakaanza kuimba ndani ya debe.

Ndipo akarudi Veronika, dada wa mume wake. Huyu alikuwa Mbeya miaka miwili akimsaidia binti yake, Happy, kulea mtoto. Alipoondoka alikuwa mzito, hawezi kutoka kisimani hadi jikoni bila kukaa njiani akipepea uso kwa upande wa kanga. Severina alimpenda sana wakati ule. Mwezi wa tatu alikwenda barabarani kumpokea, amejiandaa kumbebea mizigo. Veronika akashuka kwenye basi na mkungu wa ndizi, akautupia begani, akashika begi kwa mkono wa pili, akapanda njia huku akiuliza habari za kuku. Mwenyeji ndiye aliyefuata nyuma, mikono mitupu, akihema.

"Dada amerudi kijana," alisema Silvester mchana ule akimega ugali. Severina alimwekea mumewe mboga pungufu.

Wiki ile ile, baada ya jumuiya, Roza mwenyekiti wa akina mama alitangaza kwamba mwaka huu Veronika atatembea wa pili, nyuma ya wifi yake. Ili mtu akichoka tusichelewe misa, aliongeza, na wanawake wakacheka. Severina naye alicheka, meno ya mbele tu.

Tangu hapo hakulala vizuri. Alitaka kujua dawa aliyopewa wifi yake huko Mbeya. Asubuhi moja akiwa anakusanya kuni, aliweka jicho kwenye upenyo wa uzio wa mabanzi uliotenganisha nyumba zao, akaona.

Veronika alikuwa amefunga kitenge kiunoni, mbele ya kigoda. Alikumbatia mfuko wa mbolea, ule mkubwa wa kilo hamsini, umejaa na kufungwa mdomo kwa kamba ya katani. Akaketi nao taratibu, akainuka nao. Mara kumi. Akapumzika, akanywa maji, akarudia. Kisha akachukua vidumu viwili akazunguka navyo banda la kuku, mgongo umenyooka kama anayekwenda kupokea komunyo. Kesho yake Severina alichungulia tena, akamkuta wifi yake anachambua maharage tu. Keshokutwa mfuko tena.

Severina akajiambia: kumbe ni hilo tu. Na anapumzika siku nzima, uvivu wake haujaisha. Mimi nitafanya kila siku.

Jikoni kwake kulikuwa na mfuko kama ule ule, umejaa mahindi ya mwaka jana. Silvester alipokwenda kazini kwenye kiwanda cha mbao, aliuburuta hadi kwenye kigoda, akainama, akaukumbatia, akavuta. Ulifika magotini. Kitu kikalia kiunoni mwake kama ukuni mkavu unaovunjika, naye akabaki ameinama, mfuko umelala ubavu, kuku wanamshangaa.

Alimwambia mumewe ameteleza kwenye tope. Siku ya pili Veronika alikuja na beseni la maji ya moto na kitambaa.

"Kamwene, wifi. Silvester anasema umeteleza."

"Niliteleza."

Veronika aliutazama mfuko uliolala kando ya kigoda. Akaupiga konzi. Ulijibu kwa sauti ya mahindi.

"Uliteleza mkiwa mmekumbatiana?"

Severina aligeukia ukutani. Veronika alikamua kitambaa, akamkanda kiuno, ndipo akaeleza polepole. Mfuko wake ulijaa pumba za mbao, zile za kutandikia banda la kuku. Silvester ndiye aliyemletea kutoka kiwandani. Alikuwa ameanza huko huko Mbeya na pumba tupu, nyepesi kama mto wa kulalia. Kila baada ya wiki mbili aliongeza bakuli la mchanga, na sasa yalikuwa saba. Muuguzi mmoja wa huko ndiye aliyemfundisha kwamba nguvu huongezwa kidogo kidogo, na kwamba mwili hujijenga siku ile unayoupumzisha.

Severina aliona aibu, lakini chini ya aibu palikuwa na furaha ndogo mbaya: kumbe mfuko wa wifi si mzito hivyo. Halafu akakumbuka kwamba mumewe alibeba mfuko kupita mlangoni pake kumpelekea dada yake, wala hakusema, na furaha ikaisha.

"Pona kwanza, wifi, halafu uje tufanye wote."

"Unanifundisha wakati unaitaka nafasi yangu?"

"Naitaka," Veronika alisema, mkono haukusimama. "Ilikuwa ya mama yangu. Lakini sitaki nipewe na kiuno chako kibovu."

Kiuno kilipopona, Severina alivuka uzio na mfuko wa pumba tupu. Siku ya mfuko, siku ya maharage. Kufikia mwezi wa saba alipanda kilima cha shambani bila kusimama, na ndoo ya maji aliinua mwenyewe bila kuita mtu amtwike. Jambo hilo lilimfurahisha, mpaka alipotazama mikono ya Veronika.

Siku ya mavuno ukungu ulikuwa umelala bondeni. Severina alitangulia, ngata imekaa vizuri, debe limetulia. Kwenye mikaratusi magoti hayakutetemeka hata kidogo. Angefika. Lakini alisikia nyuma yake pumzi ya Veronika, tulivu, haina haraka, na pumzi ile ikamchoma kuliko mzigo. Akaongeza mwendo. Nyuma, pumzi ile ile. Akaongeza tena, karibu akimbie, na hatua thelathini kabla ya mlango kifua kikakataa. Akatua.

Veronika alimpita bila kugeuza shingo. Desturi ni kwamba aliyetua husubiri wenzake waingie wote, wa mwisho amtwike. Roza, aliyekuwa wa tatu, alikwishaanza kutabasamu. Severina akatanua miguu, akakumbatia debe kifuani, akainuka kwa magoti, mgongo umenyooka, akalipandisha kichwani peke yake. Tabasamu la Roza likapotea. Severina aliingia kanisani wa pili, akitazama visigino vya wifi yake njia nzima hadi altareni.

Jumanne alivuka uzio kama kawaida.

"Wewe umefikisha mabakuli mangapi?" aliuliza.

"Kumi na sita. Wewe leo unatia la tisa. Moja tu, wifi," alisema Veronika, akaingia jikoni kuchukua chai.

Severina alichota bakuli la tisa, akalisawazisha kwa kiganja, akalimimina. Alitazama mlango wa jikoni. Akaongeza kiganja kimoja cha mchanga, akafunga mdomo wa mfuko haraka.