Avokado ya Mama Lynn

Mizizi ya avokado ilikuwa imepasua bomba la maji taka, na ploti nzima pale Gitothua ikanuka hadi kuku wakahama. Sheria ya kaunti haibembelezi mtu: mti juu ya bomba hukatwa.

Odongo wa maji taka alifika na msumeno na kamba, mdomo mbele. "Mama Lynn, huu mti unakunywa kuliko mzee wako!"

Majirani hawakucheka. Mama Lynn aliupapasa mti. Aliupanda wiki aliyomzaa Lynn, na kila Krismasi alimsimamisha mtoto hapo, akachora urefu wake kwa kisu. Alama ya juu kabisa ilimfikia Mama Lynn kiunoni.

"Na huyo Lynn yuko wapi?" Odongo akaendelea. "Si aje atushikie kamba!"

"Ngai, Mungu wangu!" jirani mmoja akaguna.

"Tulimzika kule makaburi ya Gatuanyaga mwaka jana," Mama Lynn akasema.

Odongo akaweka msumeno chini. "Woi, pole, mathe. Wacha tu turudi siku ingine."

"Watoto wa wenzangu wanacheza kwa hayo maji. Kata."

Kisha akashika kamba yeye mwenyewe, na mti ulipoanza kuinama, akavuta.